Pampu ya kisima yawaka na kuzima kila sekunde nne, usiku haizimi: ni pampu au ni nini? (Muyeye, Malindi)

Jirani_Muyeye

Asalamu aleikum mafundi na wenye visima. Naomba msaada kuhusu presha ya maji nyumbani, Muyeye hapa Malindi. Naweka vipimo vyote ili mtu asilazimike kubahatisha.

Kisima ni cha kuchimbwa kwa mkono, kimejengewa mawe ya matumbawe. Kutoka pampu ilipokaa mpaka uso wa maji ni mita 6. Pampu ni ile ndogo ya juu, ya nusu hospawa. Kibao chake kinasema kimo cha juu mita 35, kuvuta mita 8. Imefungwa pamoja na tangi la presha la lita 24, swichi ya presha na geji, vyote kwenye kiungo kimoja cha shaba chenye matundu matano. Swichi haijaguswa tangu itoke dukani: inawasha kwenye baa 1.4, inazima kwenye baa 2.8. Bomba la kuvuta ni la inchi moja. La kuingia nyumbani ni la plastiki ya PPR, milimita 25, halafu 20 kuelekea vyumbani. Nyumba ni ya ghorofa moja, na bafu la juu liko kama mita 5 juu ya pampu.

Mchana ukifungua shawa, maji yaja kwa nguvu, yalegea, yaja tena, kama mtu anayekanyaga bomba na kuliachia. Swichi inalia ta, ta, ta, kila sekunde nne hivi. Usiku wa manane mifereji yote imefungwa, pampu inajiwasha yenyewe kila baada ya dakika kumi na kidogo. Na kuanzia saa moja hadi saa nne usiku ikishawaka haizimi kabisa: mshale wa geji unasimama kwenye 2.5 na pampu inachemka, huwezi kuweka kiganja juu yake.

Nimeshauriwa ninunue pampu ya hospawa moja. Kabla sijatoa pesa: kweli tatizo ni pampu?

---

Fundi_Langoni

Waleikum salaam. Usinunue pampu, ndugu yangu. Umetaja maradhi matatu, na kila moja lina dawa yake. Pampu kubwa kwenye mfumo huo itafanya hiyo ta, ta, ta iwe ya haraka zaidi, kwa sababu itajaza nafasi ileile kwa muda mfupi zaidi.

Anza na tangi. Maji hayabonyei, hewa ndiyo inayobonyea. Ndani ya tangi lako mna mfuko wa mpira. Maji yanaingia ndani ya mpira, hewa iko nje yake, kati ya mpira na chuma. Pampu ikizima, hewa iliyobanwa ndiyo inayosukuma maji mpaka shawani. Hewa ikiisha, au mpira ukipasuka, tangi linakuwa chupa iliyojaa maji tu. Hapo nusu lita ikitoka presha yote imeanguka kutoka 2.8 hadi 1.4, swichi inawasha, pampu inarudisha nusu lita, swichi inazima. Shawa ya kawaida inatumia kama lita 8 kwa dakika. Nusu lita ni sekunde nne. Ndiyo hesabu ya ta, ta, ta yako.

Tangi la lita 24 lililo zima, kwa mpangilio huo wa swichi, linapaswa kutoa lita 8 hivi kabla pampu haijawaka tena. Yaani dakika nzima ya shawa.

Kupima hewa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hivyo fuata mpango huu:

1. Zima umeme wa pampu kwenye meni swichi. Kuiminya swichi ya presha tu hakutoshi.
2. Fungua mfereji ulio chini kuliko yote, geji ishuke hadi sifuri. Uache wazi.
3. Nyuma ya tangi kuna kifuniko cha plastiki. Chini yake kuna vali kama ya tairi la gari. Ibonyeze kwa ncha ya msumari, kidogo tu. Ikitoka hewa kavu, mpira uko salama. Yakitoka maji, mpira umepasuka. Isipotoka kitu, hewa imeisha.
4. Pima kwa geji ya tairi. Nyingi zinasoma PSI. Baa 1 ni PSI 14.5.

Ukipima huku maji yamo tangini, geji itakusomea presha ya maji, nawe utadhani hewa ipo. Hili nalirudia kwa sababu ndilo kosa linalofanya matangi mazima yatupwe na mabovu yaachwe.

Hewa ijazwe baa 0.2 chini ya pale swichi inapowashia. Kwako, kuwasha ni 1.4, hewa iwe 1.2, sawa na PSI 17 na nusu. Pampu ya baiskeli yenye mdomo wa vali ya gari inatosha, tangi hili ni dogo. Ukizidisha hewa ikapita 1.4, maji ya tangini yatakwisha kabla swichi haijawasha, na mfereji utakata sekunde moja kila mzunguko. Ukipunguza sana, mpira utavutika kupita kiasi na kusugua chuma mpaka utoboke.

Kwa ile ya usiku wa manane: acha pampu ijaze hadi izime, zima umeme, kisha funga geti vali ya kuingia nyumbani. Kaa na geji. Ikishuka huku geti imefungwa, maji yanarudi kisimani kupitia futi-vali (ile vali ya mwisho wa bomba la kuvuta, ndani ya kisima, inayozuia maji yasirudi), au yanavuja kwenye viungo vya hapo pampuni. Ikitulia, mvujo uko ndani ya nyumba, na wa kwanza kushukiwa ni boya la tangi la choo. Tia majivu kidogo au rangi ya chakula kwenye tangi la choo, ngoja robo saa bila kuvuta; ukiona rangi bakulini, umempata.

Tuletee majibu.

---

Jirani_Muyeye

Shukrani sana fundi. Nimefanya yote.

Geji ya tairi ilisoma sifuri, na nilipobonyeza vali yalitoka maji yenye kutu. Geti ikiwa imefungwa, geji ilishuka kutoka 2.8 hadi 1.4 kwa dakika 12. Vyoo viko sawa. Nimepima na umeme kwenye pampu ikiwa inafanya kazi: saa sita mchana volti 236, saa mbili usiku volti 197. Kwenye mita ya nyumba saa hiyohiyo ya usiku ilikuwa 200.

---

Fundi_Langoni

Mpira umepasuka, hiyo imekwisha. Mpira unauzwa peke yake, huna haja ya tangi jipya ikiwa chuma hakijaliwa. Nunua wa lita 24 na upime upana wa mdomo wa ule wa zamani, maana mipira ya lita sawa huwa na midomo tofauti.

Fungua zile bolti za sahani ya mbele, toa mpira, mwaga maji, kausha ndani kabisa kwa kitambaa. Tia mkono, papasa. Ukikuta magamba ya kutu yenye ncha, yasugue kwa brashi ya waya mpaka pawe laini, la sivyo mpira mpya utachanika palepale wa zamani ulipochanika. Sahani nayo iangalie kwa makini. Maji ya Malindi yana chumvi, na sahani ya mabati ndiyo sehemu ya chuma inayogusana na maji, kwa hivyo inaliwa kwanza. Zipo za chuma kisichoshika kutu na za plastiki ngumu, gharama inapanda kidogo lakini kwa visima vya pwani ndizo zinazofaa. Kaza bolti kwa msalaba, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, kidogo kidogo. Ukimaliza moja kwanza mdomo wa mpira utakaa upande na utavuja.

Ile dakika 12 usiitilie hofu bado. Tangi lililojaa maji linafanya mvujo mdogo uonekane mkubwa. Badilisha mpira kwanza, kisha rudia kipimo.

Suala la saa moja hadi saa nne namwachia Bi Umeme.

---

Bi_Umeme

Nimefika. Hili la pampu kutozima linaonekana kama ubovu wa swichi, na watu wengi hubadilisha swichi mara mbili kabla ya kugundua kwamba swichi haina kosa.

Angalia kibao chako tena. Mita 35 ni kimo cha juu kabisa, pampu ikiwa mpya, umeme ukiwa kamili, na bila tone linalotoka. Pampu yako inavuta mita 6 kwanza. Zinabaki mita 29. Kila mita 10 na kidogo za maji ni baa 1, kwa hivyo presha kubwa kabisa ambayo geji yako inaweza kuona ni kama baa 2.8. Na swichi imeambiwa izime kwenye 2.8! Mchana inafika kwa taabu. Usiku volti 197, mota inazunguka polepole kidogo, na presha inapungua kwa kasi kuliko mzunguko unavyopungua, kwa hivyo inaishia 2.5 na kukaa hapo.

Tena kuna jambo la aina ya pampu. Hizi ndogo zenye impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) ya shaba yenye meno pembeni hubeba mzigo mkubwa zaidi pale maji yanapobanwa, kinyume cha pampu kubwa za kawaida. Yaani umeme mdogo unaikuta pampu pale inapohitaji nguvu nyingi zaidi. Ikikwama hapo, nguvu yote ya mota inageuka joto ndani ya maji yasiyotoka. Nusu kilowati ikiingia kwenye lita moja ya maji inapandisha joto kama nyuzi 7 kwa dakika. Robo saa tu na una maji ya kuchemsha chai ndani ya pampu. Sili inaungua, na bomba la PVC lililo karibu linalegea kwenye hesi na kuanza kunyonya hewa. Ukiona inafanya hivyo leo usiku, izime kwa mkono.

Dawa ni kuiambia swichi ukweli. Usiku wako mbaya unafika 2.5. Toa 0.2 ya akiba: izime kwenye 2.3. Iwashe kwenye 1.2. Hewa ya tangi basi iwe baa 1.0, siyo ile 1.2 ya mwanzo. Kwa mpangilio huo tangi la lita 24 linatoa lita 7 na ushei kila mzunguko, na bafu la juu, baada ya kutoa nusu baa ya mita 5 za kupanda, linabaki na kati ya 0.7 na 1.8. Shawa ya kawaida inaridhika nayo.

Namna ya kurekebisha: umeme uzimwe, fungua kifuniko. Mna springi mbili zenye nati. Nati ya springi kubwa inasogeza kuwasha na kuzima kwa pamoja. Nati ya springi ndogo inasogeza kuzima peke yake. Anza na kubwa: ilegeze nusu mzunguko, rudisha kifuniko, washa umeme, fungua mfereji taratibu na usome geji pale inapowaka. Rudia mpaka 1.2. Halafu ndogo, mpaka izime kwenye 2.3. Swichi nyingine mpangilio wake ni tofauti, kwa hivyo soma mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko kabla ya kushika spana. Na ukiwa hapo ndani, angalia ncha za shaba zinazogusana. Hewa ya bahari inaziotesha ukoko wa kijani, na sisimizi wanapenda kujenga humo. Mwili wa sisimizi mmoja ukikaa katikati, swichi haiwashi. Sugua kwa msasa laini sana. Zibua pia kwa waya mwembamba kile kitundu kinacholeta maji kwenye swichi, kinaziba kwa chokaa na kutu, halafu swichi inachelewa kuhisi presha.

Kuhusu waya: tofauti ya mita na pampu ni volti 3, waya wako ni mzuri. Upungufu unatoka kwenye laini, watu wote wanapowasha vitu jioni. Ukitaka stebilaiza, yaani kifaa cha kutuliza volti, chukua ya kilovolti-ampea 2 au zaidi, maana mota ikianza inavuta mara nne au tano ya kawaida. Lakini fanya marekebisho ya swichi kwanza, huenda usiihitaji.

---

Mchanga_wa_Shela

Naomba niseme jambo ambalo halijaguswa. Mnatengeneza presha, lakini maji yanatoka wapi? Huku kwetu Lamu maji matamu yaliyo chini ya machanga ya Shela yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Hesabu hii ina upande wa pili wenye kuuma: ukishusha uso wa kisima kwa sentimita 10 na usiupe muda wa kurudi, chumvi inaweza kupanda mita 4 chini ya kisima hicho. Malindi karibu na ufuo kanuni ni ileile. Kwa hivyo ndugu wa Muyeye, aliyekushauri hospawa moja angekupa presha wiki chache, kisha chumvi, na chumvi ikishaingia haiondoki upesi.

Jambo la pili ni bamvua, siku ambazo bahari inajaa na kupwa kupita kawaida. Kisima kilicho karibu na bahari kinapanda na kushuka na maji ya bahari, kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo. Umepima mita 6 siku gani? Teremsha kamba yenye uzito siku ya bamvua maji yakiwa yamepwa, kisha saa chache baadaye tena, na ufanye hivyo mwisho wa kaskazi kabla masika hayajaanza. Kibao kinasema kuvuta mita 8, lakini kwa kazi ya kila siku usipite 7. Uso ukishuka kutoka 6 hadi 7 umepoteza baa 0.1 ya presha na umesogea ukingoni mwa kuvuta.

Rai yangu ni kutenganisha kazi mbili. Pampu ndogo ya kuzama itoe maji kisimani polepole mpaka kwenye tangi la lita 1,000 lililo chini, ikiongozwa na swichi ya boya na saa ya kuwasha: dakika 20 kazi, dakika 40 mapumziko. Halafu hiyo pampu yako ya sasa ihamie kwenye tangi, maji yawe yanaiingilia yenyewe. Kwa kutovuta mita 6, pampu ileile inapata baa 0.6 zaidi bila kuongeza umeme hata wati moja. Presha kubwa inakuwa karibu 3.4, na tatizo la usiku linakufa lenyewe.

---

Fundi_Langoni

Nakubali kuhusu chumvi, na hesabu ya 0.6 ni sahihi. Ila kwa nyumba ya familia moja yenye kisima kisichokauka, mpira na nusu saa ya spana vinatosha kwa sasa. Pampu ya pili, tangi na boya ni gharama nyingine kabisa. Ayafanye siku maji yakianza kuonja chumvi au uso ukishuka chini ya 7.

Na tahadhari kwa watakaotaka kupunguza kasi ya kuvuta kwa kubana geti vali: kwa pampu ya meno msifanye hivyo. Bi Umeme ameeleza, ukiibana unaiongezea mzigo. Afadhali utoe tawi la bomba linalorudisha sehemu ya maji kisimani.

---

Mchanga_wa_Shela

Sina ubishi, mradi apime chumvi. Kama hana kipimo, aangalie sabuni: ikianza kukataa kutoa povu katika maji yaliyokuwa yakitoa, ajue.

---

Kina_Mama_Mkomani

Naomba kuuliza ndani ya mada hii. Yetu ni nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, pampu chini, swichi iko hapohapo pampuni lakini tangi la presha limewekwa darini, mita 9 juu, na katikati kuna vali ya kuzuia maji yasirudi. Mpira ni mzima na hewa ipo, lakini swichi inalia ta, ta, ta pale pampu inapokaribia kuzima. Kwa nini?

---

Fundi_Langoni

Mama, vali hiyo imeitenganisha swichi na tangi. Pampu ikizima, swichi inabaki na kipande kifupi cha bomba. Likivuja tone tu, presha ya hapo inaanguka hata kama tangi limejaa. Swichi na tangi lazima vikae upande mmoja wa vali, baada yake. Sogeza swichi ipite vali, au itoe vali hiyo ikiwa futi-vali iko nzima. Na hewa ya tangi la darini isijazwe sawa na la chini: limepanda mita 9, kwa hivyo presha ya maji inayolifikia imepungua baa 0.9. Swichi ikiwasha kwenye 2.0 huko chini, tangi la juu linaona 1.1, hewa yake iwe 0.9.

---

Kijana_wa_Maweni

Je, zile pampu za kisasa zinazobadilisha mwendo zenyewe? Zinasemekana presha haitikisiki kabisa.

---

Bi_Umeme

Ni kweli, zinashika presha karibu bila kucheza, kwa sababu mota inaongeza na kupunguza mzunguko kufuata mifereji iliyofunguliwa. Lakini bodi ya umeme iliyo ndani inaogopa umeme unaoyumba, na inaogopa unyevu wa chumvi. Volti zikishuka sana, baadhi zitajizima kwa kujilinda. Bado zinahitaji tangi dogo, vinginevyo mfereji unaodondoka utaziamsha usiku kucha.

Njia ya bei ndogo ya kupata presha tulivu shawani ni vali ya kupunguza presha, ifungwe baada ya tangi, isetiwe kiasi kidogo chini ya presha ya kuwasha. Hapo mfereji hauoni tena kupanda na kushuka kwa swichi. Ila kumbuka inapunguza tu, haiongezi, na mwenye baa 1.2 ya kuwashia na bafu la ghorofani hana cha kupunguza. Hiyo ni ya kwenye mfumo wa 2.0 na kuendelea.

---

Jirani_Muyeye

Ripoti. Mpira mpya umeingia, hewa baa 1.0, swichi 1.2 na 2.3. Shawa moja ikiwa wazi, pampu inakaa kimya sekunde 52 kabla ya kuwaka. Usiku saa mbili imezima yenyewe, mwili wake una joto la kawaida. Bafu la juu maji yanapungua kidogo kabla ya pampu kuwaka, lakini hayakati.

Nimerudia kipimo cha geti vali. Sasa inashuka kutoka 2.3 hadi 1.2 kwa saa mbili na nusu. Viungo vya nje vyote vikavu, nimevizungushia karatasi ya chooni na haikulowa. Hii ni futi-vali?

---

Fundi_Langoni

Ndiyo, ni futi-vali. Lita 7 na ushei kwa dakika 150 ni mililita 48 kwa dakika, kadiri ya vijiko vitatu vya chakula. Mvujo wa namna hiyo mara nyingi ni punje ya mchanga iliyokaa kwenye kiti cha mpira, au mpira wenyewe umepata alama.

Zima umeme, ondoa presha, fungua yunioni (kiungo kinachofunguka bila kukata bomba) ya upande wa kuvuta. Muwe watu wawili, bomba likiwa na maji linapata kilo kadhaa na likiteleza litazama na kila kitu. Kabla ya kulimwaga, lisimamisheni nje ya kisima likiwa limejaa maji hadi mdomoni, mngoje dakika kumi. Maji yakishuka mdomoni, vali ndiyo; yasiposhuka, tatizo liko kwenye kiungo cha kuvuta. Kifungueni kichujio, muoshe kwa maji safi, mpapase kiti kwa kidole: kiwe laini mzunguko mzima. Kikiwa na mkwaruzo msihangaike, leteni mpya ya shaba, ya inchi moja kama bomba. Zile za chuma cha mabati kwenye maji yenu springi yake huliwa.

Kwenye kurudisha, mdomo wa vali uwe angalau nusu mita juu ya mchanga wa chini na nusu mita chini ya uso wa maji wa siku ya bamvua yakiwa yamepwa, siyo wa siku ya kawaida. Mchanga ukiingia kwenye impela ya meno inalika haraka, na ile mita 35 ya kibao inakuwa 28 kabla hujajua. Bomba la kuvuta lipande moja kwa moja kuelekea pampu, pasiwe na mgongo popote, mgongo unakusanya hewa. Hesi zizungushieni tefloni ya kutosha au katani, mkaze kwa mkono kisha nusu mzunguko wa spana. Shaba ikikazwa ndani ya PVC kupita hapo inapasua. Jazeni bomba na pampu maji, zinaingia kama lita 4 au 5, mpaka bubujiko la hewa liishe kwenye tundu la kujazia, ndipo mfunge na kuwasha.

Ukimaliza rudia kipimo cha geti vali usiku mzima. Geji ikiamka palepale ilipolala, hapo funga kifuniko cha kisima.